Kwa Nini Zabibu Alitolewa

Siku tuliyosoma arobaini ya Hadija binti Makokha, nyumbani Shieywe, wageni walipoondoka tulibaki watu watano sebuleni, nami nitawataja mmoja mmoja ili asije mtu akasema alikuwepo na hakuwepo. Mwanahawa, mwenye nyumba, kifungua mimba wa Hadija. Rajabu, mwana wa Mwanahawa, mwalimu wa shule ya msingi. Juma Wesonga wa Matungu, ambaye zamani alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, pale tulipofanya kazi sote. Josefina, binti wa Dakta Mukhwana aliyekuwa daktari wa mifugo. Yeye ni wa kanisani, lakini alikuja na sukari na majani ya chai tangu asubuhi, akakaa na wanawake jikoni akichambua mchele kama mtu wa nyumbani. Na mimi, Zaituni. Hadija alikuwa dada ya baba yangu, na kwetu dada ya baba ni senge, kwa hiyo nitamwita senge mpaka mwisho.

Sahani za pilau zilikuwa zimetolewa, chai ya pili imeletwa, na mvua ilikuwa imetufungia ndani. Rajabu akasema, "Mzee Juma, hebu tupe ile ya farasi. Kukhu mwenyewe hakupendanga kuisimulia." Kukhu ni nyanya, yaani senge. Juma hahitaji kubembelezwa. Aliweka kikombe chini, akaweka na fimbo yake, akaanza. "Mashindano makubwa hayo, farasi wanatoka Isecheno mpaka Shianda na kurudi. Farasi wa Memsabu Doroti yuko mbele. Daktari anapima moyo kwa maharagwe. Na Hadija, Mungu amrehemu, badala ya kuhesabu sitini na nne, anachota tu kama mtu anayetia sufuriani." Akaonyesha kwa kiganja. "Farasi karibu afe kwa hicho kiganja cha mama yako, Mwanahawa." Mwanahawa akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Kwani mama alihesabunga nini yeye? Hata sisi watoto wake alikuwa anachungulia tu mlangoni, anasema, wako wote? Basi." Josefina naye akaingia. "Mimi ndiye nilishika chaki. Niliandika Moyo. Memsabu akaniambia nifute, niandike Mpandaji ameomba mwenyewe." "Ndiyo hapo sasa," Juma akasema, "hata sababu ziliandikwa mbili." Wakacheka tena. Mwanahawa akanigeukia. "Dada Zaituni, mbona umenyamaza? Si wewe ndiye unakumbukanga mpaka majina ya mbwa wa watu?" Nikasema jino linaniuma. Jino halikuwa linaniuma. Nilichukua vikombe ambavyo vilikuwa havijaisha chai nikavipeleka jikoni, na huko nikasimama nikiyasikia maharagwe ya senge yakizungushwa sebuleni kutoka mdomo huu kwenda ule, na mwenyewe yuko kaburini siku ya arobaini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka huo. Nyumba ya Memsabu Doroti ilikuwa karibu na msitu, upande wa Isecheno, imezungushiwa ua wa kayaba ulionenepa hata kuku hakuweza kupenya, na geti moja tu. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo, kazi yake ya kusafiri, kwa hiyo mwenye amri pale alikuwa Memsabu. Senge alikuwa mpishi wake, na ndiye aliyenileta nimsaidie. Tulilala chumba kimoja nyuma ya mabanda ya farasi, vitanda viwili vya chuma na katikati nafasi ya mtu mmoja kusimama, akisimama senge mimi ninakaa. Dirisha lilikuwa dogo, limetazama ukuta wa banda la farasi jike aliyeitwa Zabibu, wa rangi ya kahawia iliyokolea, na asubuhi kitu cha kwanza kuniamsha kilikuwa yeye kupuliza pua. Mabati yalikuwa chini sana. Jua likipanda, chumba kilinuka nyasi kavu na ngozi ya matandiko, na mvua ikinyesha tulizungumza kwa ishara. Leo ninaishi katika nyumba yenye vyumba vinne na wajukuu wananiuliza kwa nini sifungi mlango wa chumba changu. Sipendi mlango uliofungwa.

Siku ya kwanza kabisa Memsabu aliomba kitambulisho changu akakitia kwenye droo ya meza ya chumba cha kulia, pamoja na cha senge, cha Juma na cha mtu wa bustani aliyeitwa Makhanu. Alisema ni kwa usalama, jikoni vitu vinaungua. Kilikuwa kipya, picha nimefungua macho kama mtu aliyemwagiwa maji. Sikuona ubaya. Ubaya niliuona mwezi wa tatu, nilipopata habari kwamba mwalimu wa ushonaji mjini Kakamega, Bi Felistas, anafungua darasa na ataniwekea cherehani moja nikifika na kitambulisho na barua ya mwajiri. Nilipomwendea Memsabu alisema vizuri tu, kwa Kiswahili chake cha polepole, "Baada ya mvua, Zaituni." Baada ya mvua akasema baada ya wageni. Hakunipigia kelele hata siku moja, na hilo ndilo lililonichosha, kwa sababu mtu akikupigia kelele unapata pa kushika hasira yako. Ningeweza kutoka getini bila kitambulisho, ndiyo. Lakini senge ndiye aliyenileta. Memsabu alikuwa amemwambia mbele yangu, akikata waridi, "Hadija, huyu akiniacha ghafula nitajua wewe huleti watu wazuri." Senge alikuwa na watoto wanne Matungu waliokula kwa mikono yake hiyo.

Tulikula jikoni baada ya wao kula. Obusuma, yaani ugali, na mboga, siku za Jumapili mabaki ya ingokho, kuku, na senge alinipa kipapatiko kila mara akisema yeye hakipendi, mpaka siku moja nikamkuta akikitafuna peke yake kwa raha. Juma alikaa mlangoni, miguu nje kwa sababu ya matope, na hapo ndipo nilipozijua habari zote za nyumba. "Memsabu anasema mwaka huu Zabibu lazima amalize," alisema Juma. "Mwaka jana alitolewa kwa mguu. Mwaka juzi kwa ngozi, mkanda wa tandiko ulimchubua. Watu wa kwao wanamcheka." Senge akauliza, "Wanamcheka farasi au wanamcheka yeye?" "Yeye. Farasi anajua kucheka?" "Basi si apumzike, mama wa watu." "Ataanzia wapi kupumzika," Juma akasema, "na geti lenyewe ni lake."

Mbio hizo hazikuwa za kushindana nani wa kwanza tu. Farasi wanakwenda safari ya kutwa, na njiani kuna vituo ambapo daktari anawakagua, na asiyefaa kuendelea anatolewa hapo hapo hata kama bado amesimama kwa madaha. Daktari alikuwa Dakta Mukhwana, mstaafu wa serikali, mtu wa maana sana, ila masikio yalikuwa yamekwisha. Alikuja kila juma kumtazama Zabibu. Alitia masikioni ile mipira ya kusikilizia moyo, akaweka kibati ubavuni mwa farasi nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, akatikisa kichwa. "Ama farasi huyu amekufa," alisema, "ama ni mimi." Siku hiyo nilikuwa nimeshika kamba. Akanipa mimi mipira nisikilize, nihesabu, yeye atashika saa. Nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisahau, kama mtu anayetembea kwenye chumba cha juu kwa miguu mitupu. Nikaanza moja, mbili, tatu, vizuri. Nilipofika arobaini nikakwama, kwa sababu kabla hujamaliza kutamka arobaini na saba moyo umeshapiga mara mbili. Dakta akacheka. Akaniambia nilete maharagwe. Alihesabu mwenyewe sitini na nne, akayatia kwenye mfuko mdogo wa kitambaa, akanipa na mkebe. Moyo ukipiga mara moja, ninadondosha haragwe moja mkebeni. Dakika ikiisha na mfukoni kumebaki kitu, au ndiyo kwanza limetoka la mwisho, farasi yuko sawa. Mfuko ukiwa mtupu dakika haijaisha, moyo haujashuka na farasi haendi popote.

Senge hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Kwetu kiumbe hai hakihesabiwi. Ukiulizwa una watoto wangapi unasema wapo, ng'ombe wangapi unasema si haba, na mtu anayenyoosha kidole na kuhesabu vichwa anaonekana anawatakia mabaya. "Sasa wewe unahesabu moyo wenyewe," aliniambia akipepeta unga, "kitu Mungu amekificha ndani." Nikamwambia simhesabu Zabibu, ninahesabu maharagwe. Akanitazama. "Basi usinitajie hiyo idadi hapa jikoni kwangu." Nami sikuitaja. Lakini kuanzia hapo kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nilikuwa bandani na mipira masikioni, na nikaujua moyo wa Zabibu kama ninavyojua mwendo wa mtu wa nyumbani anapokuja uani: wa kuamka, wa baada ya kula, wa kuogopa radi, wa kurudi kutoka mbioni.

Dakta alinifundisha na sababu nyingine za farasi kutolewa. Alizisema kwa sauti ya mtu asiyejisikia, kwa hiyo bonde zima lilifundishwa pamoja nami. Mguu: farasi anakimbizwa kidogo huku na huku, akichechemea anatolewa. Tumbo: unasikiliza ubavuni, kusiponguruma chochote ni hatari kuliko kunguruma. Maji: unavuta ngozi ya shingo na kuiachia, ikichelewa kurudi amekauka, unabonyeza ufizi na kutazama weupe unavyoondoka. Ngozi: vidonda vya tandiko na mkanda. Muda: amechelewa kituoni. Na ya mwisho, Dakta akasema, ni mpandaji mwenyewe kuomba. Anashuka, anasema inatosha. Hiyo haina aibu na haiulizwi sababu. "Kwa nini haiulizwi?" nikapiga kelele kwenye sikio lake zuri. "Kwa sababu anayekaa juu ya mgongo anajua kitu ambacho mimi sijui." Nikauliza kama farasi naye anaweza kuomba. Dakta akafikiria. "Anaomba kila mara," akasema. "Ndiyo maana tuko hapa na hiyo mipira."

Wiki moja kabla ya mbio nilimwendea Memsabu mara ya mwisho. Bi Felistas alikuwa amenitumia habari kwamba darasa linaanza Jumatatu baada ya mbio, na cherehani yangu ikikaa wazi siku hiyo atampa msichana mwingine, Agripina, ambaye alikuwa akingoja. Memsabu alikuwa mezani. Alifungua droo, nikakiona kitambulisho changu kilivyolala juu ya vya wenzangu, akaifunga tena. "Zabibu akimaliza," akasema, "nitakupa Jumapili. Na barua nzuri sana. Nisaidie kwanza." Nikasema asante. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, na senge, ambaye alikuwa amesikia yote, akanipa kitunguu nimenye ili nipate kisingizio cha macho.

Siku ya mbio farasi walikuwa kumi na mmoja, na Zabibu alipandwa na Memsabu mwenyewe. Mimi na Dakta na Josefina, aliyekuwa likizo ya shule, tulitangulia kwa Landrova kutoka kituo kimoja hadi kingine. Senge, Juma na vyakula walikuja kwa pikapu. Kituo cha kwanza, uwanja wa shule, nilidondosha maharagwe kwa farasi wote na ninawakumbuka waliotolewa. Kapteni, jiwe kwenye kwato ya mbele kulia. Maridadi, mkanda ulimla kwapani. Pepo hakuwa na kitu ila mpandaji wake, mzee mmoja mwembamba, alishuka akasema inatosha, akaketi chini kwenye nyasi, akavua kofia, na hakuna aliyemuuliza. Zabibu alipita, maharagwe yakabaki mengi. Tulipomaliza kupima wote, nikimrudishia Juma hatamu, mfuko ulidondoka kwenye karai la maji na sikuuona mpaka farasi wengine walipomaliza kunywa.

Tulipofika Shianda jua lilikuwa la utosi. Kituo kilikuwa kiwanja nyuma ya soko, na watu wa soko wote walikuwa wamehamia hapo kutazama. Kutoka hapo ningeweza kwenda kwetu kwa miguu. Njia niliiona, ile inayopita katikati ya miwa, na wanawake wawili walikuwa wakiifuata na vikapu vyao kichwani, wakisemezana bila haraka, na niliwatazama mpaka wakapotea. Nilipoufungua mfuko, maharagwe yalikuwa yamefura, maganda yanatoka vidoleni. Nikakimbia kwa senge chini ya turubai. Alikuwa na masufuria matatu motoni. "Senge, yameharibika, nipe makavu." "Mangapi?" Nikafungua mdomo. "Usinitajie," akasema. Akautazama mfuko ulivyojaa, akayamwaga yale yaliyofura, akachota makavu kwenye gunia, akayamimina mpaka ukajaa pale pale ulipokuwa umejaa. Akaufunga, akanipa. Yeye aliyepika maharagwe maisha yake yote, akijua yanavyofura. Sauti ya Dakta ilikuwa ikiniita soko zima likisikia. Nikakimbia.

Sultani alikuwa wa kwanza, akapita. Kisha Zabibu. Memsabu alikuwa tayari ameshuka, uso mwekundu, akimmwagia maji shingoni. Niliweka kibati nyuma ya kiwiko, nikatia mipira, Dakta akainua mkono, akasema haya. Na hapa nataka kusema pole pole. Haukuwa moyo niliokuwa nikiujua. Ulikuwa ukikimbia chumba cha juu mbio, unapinda kona. Nilidondosha nilivyoweza, vidole vinafuata masikio, na kabla dakika haijaisha nilijua mfuko unapaswa kuwa umekwisha, na haukuwa umekwisha. Nilihisi uzito wake. Dakta akasema basi. Nikautikisa mfuko, ukalia. Dakta akatabasamu, akapaza sauti, "Amepita," na Josefina akaandika. Memsabu alinishika bega, akalibana kidogo. Mimi nilisema, "Ndiyo, Dakta." Hayo tu.

Waliopita walipumzishwa dakika arobaini. Nilikwenda nyuma ya Landrova, nikakaa chini, nikatandaza leso, nikamwaga mkebe na mfuko. Kwenye mkebe sabini na manne. Mfukoni saba. Nilihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Kisha nikaenda kwa senge. "Senge, yamezidi." "Yamezidi vipi?" "Themanini na moja yote." "Nimekwambia usinitajie." Akakoroga. Akafunika sufuria. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe ulikuwa unasikia kwa masikio yako. Ulisikiaje?" Nikauzungusha mfuko vidoleni. Akanitazama sana, na niliona amejua. "Daktari amesema amepita?" "Amesema." "Basi amepita. Jumatatu utakuwa kwa Felistas. Shika hii ndizi, ule." Nilisimama pale na ndizi mkononi. "Ama unataka kubaki hapa ukimenyanga vitunguu pamoja na mimi mpaka tuzeeke?" akasema, na alisema kwa upole kiasi kwamba nilikwenda kukaa mbali naye. Niliimaliza ile ndizi. Nilimwona Zabibu akipandwa. Hakuwa amegusa maji, na Juma alikuwa akimwambia Memsabu jambo huku ameshika hatamu, na Memsabu akitikisa kichwa. Waliondoka kwa barabara ya miwa. Juma akaja akapita karibu yangu akijisemea, "Hajanywa. Hajanywa hata kidogo. Mimi ninamjua huyu."

Sijui ilipita muda gani baada ya hapo. Pengine dakika tano, pengine robo saa. Wote walionieleza wana kipimo chao. Ninachokumbuka ni kwamba nilijikuta mbele ya Dakta, nikamwambia kwa sauti ya kawaida, naye akaweka mkono sikioni. Nikarudia. "Nini kimezidi?" Akaniuliza kwa sauti yake. Basi ikabidi nipige kelele, mbele ya wapandaji, wauza nyanya, waendesha baiskeli na watoto wa Shianda nzima: "Maharagwe, Dakta. Yalikuwa themanini na moja. Moyo ulikuwa sabini na nne." Mtu mmoja wa sokoni akasema, "Haya, sasa hata maharagwe yana hospitali," na watu wakacheka, lakini Dakta alikuwa ameshaingia ndani ya gari.

Tulimkuta Zabibu si mbali, kwenye kivuli cha miwa, amesimama na miguu imepanuka kama meza. Memsabu alikuwa ameshashuka. Dakta alivuta ngozi ya shingo na ikabaki imesimama kama mkunjo wa shuka. Ufizi ulikuwa wa rangi ya udongo. Tumbo kimya. Nilisikiliza moyo bila mfuko, hakuna aliyehitaji mfuko, na Dakta akanitazama usoni, akasema tu, "Ametolewa." Tulimmwagia maji ya madebe, Juma akaja mbio, akamfungua tandiko. Kisha Zabibu akanyoosha shingo, akatia midomo kwenye debe, akanywa. Juma akakaa chini barabarani. Memsabu alisimama ameshika mkanda, na niliona analia, na nilimhurumia, kwa sababu alimpenda yule mnyama, nisiseme hakumpenda.

Tuliporudi kiwanjani Josefina alikuwa ameandika Moyo. Memsabu akamwambia afute. Hilo Josefina analisimulia sawasawa. Lakini yaliyofuata jikoni, siku iliyofuata, Josefina hakuwepo wala Juma hakuwepo. Tulikuwa watu watatu, na sasa nimebaki mimi. Memsabu aliingia mimi nikiwa nimeshika birika la chai. Aliuliza ni nani aliyejaza mfuko. Senge akajikausha mikono. "Ni mimi, Memsabu. Mtoto hakujua kitu. Alipojua tu, alisema." Alitamka hivyo bila kunitazama. Hapo palikuwa na nafasi, msomaji, nafasi pana kabisa, ya mimi kusema kwamba nilijua tangu dakika ya kwanza, kwamba masikio yalikuwa yangu, kwamba nilikula ndizi. Nilikuwa bado ninafikiria Jumatatu. Nilidhani kwa vile nimemwokoa farasi wake labda atafungua droo. Nikamimina chai. Memsabu akasema Hadija aondoke kabla ya Ijumaa, hawezi kuwa na mpishi asiyeweza kuhesabu. Kisha akanigeukia kwa ile sauti yake nzuri. "Zaituni, sasa wewe ndiye mpishi. Mambo ya mjini tutayaangalia nikipata mtu mwingine."

Hakupata mtu mwingine miezi minane. Nililala peke yangu kile chumba, vitanda viwili, na kile kimoja nilikitandika kila asubuhi ingawa hakuna aliyekilalia. Agripina alichukua cherehani. Zabibu alipona, akanenepa, akawa anapuliza pua nyuma ya dirisha kama zamani, na mimi niliacha kwenda kumsikiliza. Nilipika, nilimenya, nilikula mlangoni na Juma bila mazungumzo mengi, na mara mbili nilitembea mpaka getini, nikashika komeo, nikarudi, kwa sababu sasa nilikuwa natuma chakula Matungu kwa watoto wa senge, na nisingeacha hilo pia. Mkataba wa mumewe ulipokwisha walihama. Siku ya mwisho Memsabu alimwaga droo mezani na kutugawia vitambulisho kama mtu anayegawa barua. Alinibusu shavuni. Nilitoka na kitambulisho changu na sikuwa na pa kukipeleka.

Senge alirudi Matungu, akawa mpishi wa harusi na hitima, na alikuwa mzuri mno, watu walimwita mpaka Mumias. Hakuniuliza hata mara moja. Tukiwa kwenye masufuria makubwa, vijana wakimchokoza, "Mama Mwanahawa, leo umehesabu maharagwe?" yeye ndiye alikuwa wa kwanza kucheka. "Mniache," alikuwa akisema, "mimi ni yule aliyemtoa farasi wa Mzungu mbioni." Na mimi nilicheka pamoja nao, miaka yote hiyo, nikikata nyanya upande wa pili wa sufuria, hatua mbili kutoka kwake. Alipougua nilikaa naye siku kumi na moja pale Shieywe. Nilimwosha, nilimlisha uji kwa kijiko. Siku ya tisa nilisema, "Senge, kuhusu Shianda." Akanishika mkono, akasema, "Uji umepoa." Nikaupasha moto.

Basi nimeandika. Rajabu, utawasomea mama yako na Mzee Juma na Josefina. Nina miaka mingi na darasa langu liliishia la tatu. Inawezekana Maridadi ndiye aliyekuwa na jiwe na Kapteni ndiye aliyechubuka, inawezekana farasi walikuwa kumi na wawili, na jina la mtu wa bustani nalitilia shaka kidogo. Mwenye kujua zaidi anisahihishe, nitashukuru, na Juma najua hatangoja kuombwa. Lakini juu ya nani alijua, na alijua lini, na alinyamaza kwa sababu gani, hapo naomba mtu yeyote asinisahihishe kwa kunihurumia.